Mbio za Hisani za Kuwasomesha Watoto: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mwaka, mbio zetu hapa Morogoro zikikaribia, simu huanza kuita. Wengine wanataka kukimbia, wengine kuchangia, na siku hizi wengi wanataka kuandaa mbio kama hizi kwao: kanisani, msikitini, kazini, katika kikundi chao cha joging. Tumeyakusanya hapa maswali yanayorudi zaidi na kuyajibu kadiri tulivyojifunza barabarani na shuleni.

Elimu si ni bure? Mnachangisha fedha za nini?

Swali hili ndilo la kwanza karibu kila mara, na ni la haki. Tangu Januari 2016 shule za serikali nchini hazitozi ada kuanzia awali hadi Kidato cha Nne, na mwaka 2022 msamaha huo ukapanda hadi Kidato cha Tano na cha Sita. Ni jambo kubwa. Tunawafahamu watoto waliorudi darasani kwa sababu hiyo peke yake.

Ila ada ilikuwa sehemu moja tu ya mzigo. Sare bado ni ya mzazi. Viatu, madaftari, begi, mkebe wa hisabati na chakula cha mchana kwa anayesoma kutwa, vyote ni vya mzazi. Mtoto anayelelewa na bibi yake huko milimani Mgeta au Matombo anaweza kuchaguliwa kwenda sekondari, jina likabandikwa ubaoni, na Januari ikapita bila kuripoti kwa sababu ya shati jeupe na jozi ya viatu vyeusi. Tumewakuta wa namna hiyo, si mmoja si wawili.

Kuna pia umbali. Shule ya kata ikiwa mbali, watoto hupanga vyumba karibu nayo, yale yanayoitwa mageto. Binti wa miaka 14 anaishi peke yake, anapika mwenyewe, analipa kodi mwenyewe, na jioni anagongewa mlango na watu wazima wenye nia mbaya. Bwenini kuna mlango unaofungwa na mlezi anayejua nani amelala na nani hajarudi. Kwa hiyo sehemu ya fedha za mbio inalipia chakula na nafasi katika hosteli za shule, na kila hosteli inapohitaji magodoro tunaongeza.

Kwa nini mbio? Si bora chakula cha hisani hotelini?

Chakula cha hisani huwaita wenye uwezo mia moja, wakaketi na kuondoka. Mbio huwaita watu wote. Mama wa sokoni Mawenzi anayelipia kilomita 5 anakimbia bega kwa bega na meneja wa benki, na wote wawili wanajua wanakimbia kwa ajili ya nani. Halafu nchi hii ina historia na riadha. Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, baadaye alianzisha shule Kibaha. Na tangu Alphonce Simbu atwae dhahabu ya marathon katika mashindano ya dunia ya Tokyo, Septemba 2025, vijana wanaotuuliza habari za mbio wameongezeka sana. Hamu hiyo tunaielekeza darasani.

Nataka kuandaa mbio kama hizi kwetu. Nianzie wapi?

Anzia shuleni. Tunasema hivi kwa mkazo kwa sababu kamati nyingi huanza na rangi ya fulana, jina la mbio na mgeni rasmi, na watoto hutafutwa fedha zikishapatikana. Geuza mpangilio huo.

Nenda shule mbili au tatu. Ongea na mwalimu mkuu na mwalimu wa malezi. Uliza ni watoto wangapi hawakuripoti, wangapi wanakuja na njaa, wangapi wanakosa shule siku za hedhi. Uliza kila kitu kinauzwa shilingi ngapi katika duka la pale pale, si mjini. Ukitoka hapo una namba mbili: mtoto mmoja anahitaji kiasi gani kwa mwaka, na atahitaji kwa miaka mingapi. Namba hizo ndizo zitakazokuambia mbio zako ziwe na ukubwa gani.

Miaka ndiyo inayosahaulika. Mbio huisha asubuhi moja, lakini Kidato cha Kwanza hadi cha Nne ni miaka minne. Mtoto uliyemnunulia sare mwaka wa kwanza ukamwacha wa pili umempa tumaini ukamnyang'anya, na sare ya kwanza kwa kawaida haimtoshi tena anapofika Kidato cha Tatu.

Kiingilio kinatosha kuwasomesha watoto?

Peke yake, hapana. Tufanye hesabu kwa bei za mfano. Wewe weka za kwenu.

Wakimbiaji 500 wakilipa Sh 30,000 kila mmoja, umekusanya Sh 15,000,000. Fulana Sh 10,000, medali Sh 4,000, namba ya kifuani na pini zake Sh 1,000, maji na matunda Sh 2,000. Hapo kila mkimbiaji ameshakula Sh 17,000, na wote 500 ni Sh 8,500,000. Ongeza gari la wagonjwa na wahudumu, vyoo vya kukodi, jukwaa na spika, posho za waongoza njia na zawadi, tuseme Sh 4,500,000. Jumla ya gharama ni Sh 13,000,000. Kilichobaki kwa watoto ni Sh 2,000,000, yaani Sh 4,000 katika kila Sh 30,000.

Mkimbiaji aliyelipa akiamini anasomesha mtoto akiiona hesabu hiyo ataumia, na ana haki ya kuumia.

Sasa chukua mbio hizo hizo, lakini mdhamini mmoja amelipia fulana zote na mwingine amebeba ile Sh 4,500,000. Kinachobaki ni Sh 11,500,000. Kanuni yetu imetokana na hapo: wadhamini walipie mbio, wakimbiaji walipie watoto. Usipopata mdhamini, punguza mbio. Ondoa medali kwenye kilomita 5, au fulana iwe ya hiari na inunuliwe kwa bei yake.

Twende hatua moja mbele, maana hapa ndipo kamati hugombana. Mtoto wa kutwa akihitaji, tuseme, Sh 250,000 kwa mwaka, Sh 11,500,000 inatosha watoto 46 kwa mwaka mmoja. Au inatosha watoto 11 mpaka Kidato cha Nne. Arobaini na sita inapendeza kutamkwa kwenye kipaza sauti. Sisi tunachagua 10, na kinachobaki tunakiweka akiba kwa sababu bei hupanda kila mwaka. Mbio za mwakani zikifana, tunaongeza wengine. Zisipofana, wale 10 hawaguswi.

Mbali na kiingilio, fedha nyingine zinatoka wapi?

Kwa wakimbiaji wenyewe, kupitia watu wao. London Marathon imewezesha kuchangisha zaidi ya pauni bilioni 1 tangu ilipoanza mwaka 1981, na sehemu kubwa haikutokana na kiingilio. Mkimbiaji anawaambia ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake: nakimbia kwa ajili ya watoto fulani, nichangieni.

Jambo hili sisi hatuhitaji kufundishwa. Nani hapa hajawahi kupokea kadi ya mchango wa harusi? Tumechukua mtindo ule ule: mkimbiaji anayetaka anapewa kadi yenye jina lake na namba ya malipo ya kamati, anaitumia kwenye makundi yake ya WhatsApp, na fedha zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti bila kupita mfukoni mwake. Mwalimu mmoja wa kikundi cha joging alileta kwa njia hii zaidi ya viingilio vya watu ishirini.

Ukitaka kuongeza bahati nasibu siku ya mbio, kwanza uliza Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Tiketi za bahati nasibu zinahitaji kibali hata kama nia ni ya hisani.

Mdhamini ameahidi. Tuanze kutumia?

Ahadi si fedha. Mwaka wetu wa pili kampuni moja iliahidi kulipia fulana zote. Tukaagiza, zikachapishwa nembo yao kifuani, na siku ya malipo ikapita, ikapita na nyingine. Mchapishaji alikuwa mtu mwema akatusubiri, lakini mwisho fulana zile zililipwa na viingilio, na watoto wanne tuliokuwa tumewaandika tukawasogeza mwaka mzima. Mmoja wao hatukumpata tena; familia ilikuwa imehamia machimboni. Bado linatuuma.

Tangu hapo nembo haichapishwi kabla ya fedha kuingia, na kila mdhamini anasaini karatasi ya ukurasa mmoja yenye tarehe. Kwa kampuni zinazouliza habari za kodi, tunawashauri waongee na mhasibu wao, na pia wawaulize Mamlaka ya Elimu Tanzania (TEA), inayosimamia Mfuko wa Elimu ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2001.

Watoto mnawachaguaje?

Hatuwachagui peke yetu. Mwalimu anamjua mtoto darasani, mtendaji wa kijiji au mtaa anaijua kaya, na afisa ustawi wa jamii anajua yale ambayo hao wawili hawayasemi. Majina yanayotajwa na pande zote tatu huanza kufikiriwa. Orodha ya kaya zilizo kwenye TASAF, mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini, inasaidia kuanzia, ingawa zipo kaya zilizoanguka baada ya orodha kuandikwa, kwa kifo au kwa ugonjwa.

Halafu tunatembelea nyumbani. Watu wawili, mmoja mwanamke, bila kamera. Mtoto wa mjumbe wa kamati au wa ndugu yake haingii, hata akistahili. Tunampeleka kwa wafadhili wengine. Hatuangalii alama pekee. Mtoto mwenye njaa hawezi kuwa wa kwanza darasani, na kumwadhibu kwa hilo ni kumwonea mara mbili.

Msichana aliyepata mtoto anaweza kusaidiwa?

Ndiyo. Serikali ilifungua mlango Novemba 2021 kwa wanafunzi waliokatisha masomo kwa ujauzito kurudi katika mfumo rasmi. Mahitaji yake ni makubwa kuliko ya wenzake kwa sababu kuna mtoto mchanga anayehitaji kuangaliwa saa za masomo. Tunaongea na bibi au shangazi atakayebaki na mtoto, na posho ndogo ya maziwa tunaiweka kwenye bajeti yake.

Tarehe nzuri ni ipi?

Hesabu kutoka Januari kurudi nyuma. Kidato cha Kwanza huanza Januari, kwa hiyo fedha ziwe zimeshahesabiwa mwezi Novemba ili sare zishonwe Desemba, kabla mafundi hawajazidiwa. Sisi tumetulia kwenye Septemba na mwanzo wa Oktoba.

Epuka masika, Machi hadi Mei. Epuka Ramadhani, na kumbuka kila mwaka inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Hapa Morogoro epuka wiki ya Nane Nane: mji unafurika na vyumba vya wageni havipatikani. Mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi wakimbiaji wazoefu wako Moshi kwenye Kilimanjaro Marathon, ambayo imekuwapo tangu 2003. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni ya usafi, na Jumamosi kwa ujumla huwaacha nje Wasabato. Jumapili lazima umalize mapema ili watu wawahi ibada ya pili. Hakuna siku isiyo na mwenyewe. Chagua, kisha waendee wale unaowagusa uwaambie kabla hawajasoma kwenye bango.

Vibali gani vinahitajika?

Anza miezi minne au mitano kabla. Shirikisho la Riadha Tanzania (RT), kupitia chama cha riadha cha mkoa, ndilo linalotambua mbio za barabarani, na Baraza la Michezo la Taifa (BMT) ndilo lililo juu ya michezo yote. Zanzibar kuna vyombo vyake. Polisi lazima wajue njia, saa na idadi ya watu, na kikosi cha usalama barabarani kipite njia hiyo pamoja nanyi. Barabara kuu ni ya TANROADS, za mitaa ni za TARURA, waandikieni wanaohusika. Halmashauri, ofisi ya mkuu wa wilaya, mganga mkuu wa wilaya, zimamoto. Kama mnachangisha kwa jina la taasisi, iwe imesajiliwa na iwe hai kwa Msajili.

Peleka barua mkononi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Barua isiyo na muhuri wa kupokelewa ni kama haikupelekwa.

Njia ya mbio mnaipangaje?

Kwa kuitembea saa ile ile ambayo mbio zitapita, siku ile ile ya wiki. Ramani haikuonyeshi kwamba saa 1 asubuhi mabasi ya bara yanaanza kumiminika Msamvu, wala kwamba mbele ya kanisa fulani magari hupangwa pande zote mbili. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Dodoma hatuigusi kabisa. Hata kuivuka tumeacha, na njia yetu inazunguka upande wa mlimani, penye kivuli na mwinuko kidogo.

Kule Lewa nchini Kenya, ambako mbio za kuchangia uhifadhi, elimu na afya zimefanyika tangu 2000, wakimbiaji hupita ndani ya hifadhi na helikopta pamoja na askari wa wanyamapori hulinda njia. Hatari yao ni wanyama. Yetu ni lori lisilo na breki na bodaboda anayetaka kupenya. Kila makutano weka watu wawili wenye fulana za kuakisi mwanga: mmoja atazame wakimbiaji, mwingine atazame magari. Mtu mmoja hawezi kutazama kote. Skauti wakubwa na mgambo wanaifanya kazi hii vizuri sana, mradi wamelishwa chai kabla.

Umbali lazima upimwe kitaalamu?

Kwa kilomita 5 za kujifurahisha, simu inatosha, na waambie watu kwamba ni makadirio. Ukitangaza 10, 21.0975 au 42.195 na kuna watu wanatafuta muda wao, pima. Vipimo vinavyotambuliwa kimataifa hufanywa kwa baiskeli yenye kihesabio kwenye gurudumu la mbele. Baiskeli husawazishwa kwanza kwa kupita urefu uliopimwa kwa utepe wa chuma, kisha mpimaji hufuata mstari mfupi kabisa ambao mkimbiaji angeweza kuupita. Huongezwa mita 1 kwa kila kilomita ili njia isije ikapungua. Waulize RT wawaelekeze kwa mpimaji.

Huduma ya afya iweje?

Anzeni mapema: saa 12 asubuhi, si saa 2. Jua la saa 4 likimkuta mtu kilomita ya 18, hata hapa chini ya Uluguru, ni hatari. Weka kituo cha maji kila kilomita 2 au 3, na angalau kimoja kiwe na ndizi, machungwa na chumvi-sukari.

Watu wengi hufikiri hatari pekee ni kukosa maji. Kunywa kupita kiasi nako kunaua. Utafiti wa wakimbiaji 488 wa Boston Marathon ya 2002 ulikuta asilimia 13 sodiamu imeshuka katika damu yao, na walioongezeka uzito wakati wa mbio kwa kunywa mno ndio waliokuwa hatarini zaidi. Hao kwa kawaida ni wale wanaokwenda polepole, wenye muda wa kusimama kila kituo. Waambie wanywe wakisikia kiu.

Mkimbiaji aliyezidiwa na joto, anayeyumba, anayeongea yasiyoeleweka, apoozwe pale pale kwa maji baridi na barafu, mwili mzima, halafu ndipo apelekwe hospitali. Kumpakia kwenye gari akiwa bado anaungua ni kupoteza dakika zinazookoa ubongo. Sisi tunaweka beseni kubwa na magunia mawili ya barafu karibu na mstari wa kumalizia. Miaka mingi halitumiki.

Sijawahi kukimbia. Naweza kutembea?

Karibu sana. Kilomita 5 wanatembea akina mama wenye watoto mgongoni, wazee wenye mikongojo, na watu wenye viti mwendo, ambao huanza dakika tano kabla ili wasisongwe. Ukiwa na presha, sukari au mimba, ongea na daktari wako, na utuandikie nyuma ya namba yako jina na simu ya mtu wako wa karibu.

Mnafunga mstari wa kumalizia saa ngapi?

Barabara hufunguliwa kwa magari saa tuliyokubaliana na polisi, hilo halina mjadala. Aliyebaki nyuma anapanda kando ya barabara na anasindikizwa na pikipiki. Mstari wenyewe hatuufungi mpaka wa mwisho afike. Oktoba 20, 1968, katika marathon ya Olimpiki jijini Mexico City, John Stephen Akhwari wa Tanzania alianguka na kuumia goti, akaendelea, akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, giza limeshaingia na watu wengi wameshaondoka. Leo tunamkumbuka yeye. Kwa hiyo medali ya mwisho inamsubiri mtu wa mwisho, na wajumbe wawili wa kamati wanabaki kumpigia makofi.

Kuna zawadi za fedha kwa washindi?

Ndogo, na zinalipwa na mdhamini aliyekubali kwa maandishi kwamba ni zawadi. Kamwe hazitoki kwenye viingilio. Wapo wanaotushauri tuziondoe kabisa. Hatukubali: vijana wanaotoka mbali kukimbia kilomita 21 wanafanya kazi, na nauli inawauma kama inavyomuuma mzazi wa mtoto tunayemsomesha. Wanawake na wanaume wanapata sawa, na wanalipwa siku hiyo hiyo.

Fedha zinalindwaje, na nitajuaje yangu imefika?

Akaunti ni ya benki, ina watia saini watatu, na hakuna hata wawili wa familia moja. Malipo ya simu yanaingia kwenye namba iliyounganishwa na akaunti hiyo, si kwenye simu ya mhazini, hata akiwa mcha Mungu namna gani. Tunamlinda na yeye pia asije akasingiziwa.

Ndani ya siku 30 baada ya mbio tunatoa karatasi moja: kilichoingia, kilichotumika na kwa nini, kilichobaki. Inabandikwa kwenye mbao za matangazo za shule na ofisi ya kata, na kila mkimbiaji anatumiwa kwenye simu. Tukikosea, tunaandika tulikosea wapi. Mwaka wa fulana zile tuliandika, na mwaka uliofuata wakimbiaji waliongezeka.

Vitu vya shule tunavinunua wenyewe pamoja na mlezi, au tunamlipa fundi na duka moja kwa moja, na risiti inaandikwa jina la shule. Chakula kinalipwa kwa shule kila muhula, si mwaka mzima kwa mkupuo.

Naweza kuonana na mtoto ninayemsomesha, au kupata picha yake?

Tunaelewa upendo ulio ndani ya ombi hili. Jibu ni hapana, na tungependa ujue kwa nini.

Mwaka wa kwanza tuliwapandisha watoto jukwaani siku ya mbio, wakapewa mabegi mbele ya umati, na picha zikasambaa. Wiki iliyofuata mwalimu akatupigia: binti mmoja haji shule, wenzake wanamwita "yatima wa marathon". Mama yake yu hai. Tulikwenda nyumbani kuomba radhi, na alirudi darasani, ila hakuwahi kulibeba lile begi.

Sasa watoto wanapokea vitu vyao shuleni kimya kimya, pamoja na wengine. Sheria ya Mtoto ya 2009 inalinda utu na faragha yao, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatubana sisi tunaotunza majina na anwani. Utapata taarifa ya maendeleo bila jina: yuko kidato gani, anahudhuria vipi, anapenda somo gani. Watoto wanaotaka kukimbia siku ya mbio wanakimbia kama mtoto mwingine yeyote, na hakuna anayejua.

Niko nje ya nchi. Nashirikije?

Watu wetu walioko Muscat, Doha, London na Minneapolis hukimbia huko huko waliko wikiendi hiyo hiyo, wakatutumia mchango bila fulana wala medali. Mchango wao ndio unaofika karibu wote kwa mtoto.

Mvua ikinyesha?

Tunakimbia. Radi ikipiga, tunasubiri ndani ya Uwanja wa Jamhuri mpaka ipite.

Mgeni rasmi ni lazima?

Si lazima. Ukimwalika, hotuba iwe baada ya mbio, na mbio zianze saa iliyotangazwa hata kama hajafika.

Mtoto akifeli mtihani, mnamwacha?

Hapana. Ufadhili wetu hauna kipengele cha alama. Akifeli Kidato cha Pili na kutakiwa kurudia, tunalipia mwaka wa kurudia; ndiyo maana akiba ipo. Akimaliza Kidato cha Nne bila alama za kuendelea, tunakaa naye na mlezi wake kuangalia chuo cha ufundi cha VETA: ushonaji, umeme wa majumbani, udereva. Wa kwanza kabisa tuliyemwandikisha yuko huko sasa, anajifunza ufundi bomba. Septemba iliyopita alisimama kwenye kituo cha maji cha kilomita ya 7 tangu saa 10 alfajiri, akigawa vikombe, na alituomba tusimtangaze. Mwaka huu ameomba kituo hicho hicho.